Pumba

Mama alichoma matofali miaka thelathini na mmoja
kwenye tanuri za Sa Dec, kando ya mto wa Tien,
akilisha moto pumba za mpunga, beleshi baada ya beleshi,
kwa sababu moto wa pumba haulali wala haukuachi ulale:
ukiusahau unafuka, ukiupalilia mno unaunguza udongo.
Majivu tuliyamwaga mferejini.
Kambale walikohoa, nadhani.
Majirani walikohoa, kwa hakika.

Mimi nimeajiriwa maabara, kazi yangu ni kuvunja.
Naletewa michemraba ya zege, naiweka kwenye mashine,
nabana hadi ipasuke, naandika namba.
Ilipokuja zamu ya daraja la Cay Bang
(la miguu na pikipiki, si zaidi ya hapo)
niliomba kila mifuko kumi ya saruji
itoke miwili, yaingie majivu.

Mhandisi Khiem alicheka mpaka kofia ikamdondoka.
"Thuyen, unaongea pumba."
Nikamjibu ndiyo.
Ndizo hasa ninazoziongea.

Rangi nilifundishwa na mama.
Majivu meusi, alisema, yana kinyongo, makaa yamebaki ndani.
Yale yenye uwaridi kwa mbali yamepitiliza moto,
yamelala usingizi wa jiwe, hayashikani na mtu.
Chukua ya kijivu, kama tumbo la njiwa.
Neno silika hakulijua.
Alijua saa ya kufunga mlango wa tanuri.

Niliyasaga saa nne, yakateleza vidoleni kama poda ya mtoto mchanga.
Lakini yana kiu, majivu haya!
Yalikunywa maji ya zege lote, zege likagoma kumiminika,
na fundi Bay Luc, koleo mkononi,
akaitukana nasaba yangu hadi kwa babu wa babu.

Siku ya saba mashine ikanipa namba ya aibu.
Khiem hakucheka. Afadhali angecheka.
Alininunulia kahawa yenye maziwa mazito,
akaniuliza mama anaendeleaje na kifua.
Nikakumbuka wasemavyo, moto huzaa majivu,
nikajitazama kwenye kioo cha dirisha
nikiwa na vumbi la kijivu hadi kwenye nyusi.

Ya ishirini na nane: karibu sawa na saruji tupu.
Nitasema kweli, pungufu kidogo.
Niliandika, sikuzungusha kalamu.

Saruji ikikomaa hutema chokaa, isiyo na kazi, inayozurura zegeni.
Majivu huifuata polepole, chembe kwa chembe,
huishika mkono, huifanya jiwe.
Hayo hayaonekani. Unachokiona ni mchemraba
uliokaa kwenye beseni la maji, kimya, miezi mitatu.

Siku ya tisini nilibana.
Mshale ukapanda, ukaipita namba ya saruji tupu,
nikarudi nyuma hatua moja, miwani usoni,
ukapanda tena.
Ulipopasuka mlio ule uliwatoa watu ofisini.
Khiem aliokota kipande, akakitia mfukoni,
hakusema neno.

Daraja lilipofunguliwa nilimpeleka mama.
Alipanda akipumzika kila hatua ya sita,
akaligonga kwa kandambili kama agongavyo tikiti sokoni,
akalalamika kwamba ukingo ni mrefu mno, haoni maji.
Kisha akauliza: na majivu mengine?
Nikamwambia daraja zima limekula ya siku mbili tu,
ya tanuri moja.

Akatazama kule yanakotoka moshi.
"Basi bado wanamwaga," akasema,
akaanza kushuka upande wa pili,
mkono ukutani,
hakunisubiri.